Filamu Ndefu Kama Zamu ya Mama

Simu ilipolia nilikuwa na pini mdomoni. Nilikuwa napima mabega ya koti la mteja, naye amesimama mbele yangu, mikono ameinyoosha kama mtu anayepekuliwa. Niliona ni Fupisha anayepiga, mshirika wa kaka yangu, nikaibana simu kati ya sikio na bega. Sikusema haloo. Ukiwa na pini mdomoni husemi.

"Dada? Dada, upo? Kaka yako ameanguka hapa kwangu, kwenye ngazi za ofisi. Tumemkimbiza hospitali, lakini... dada, pole sana. Ametutoka."

Nilizidi kuzibana zile pini kwa meno. Mteja aliniangalia usoni, akashusha mikono polepole bila kuambiwa. Nilizitoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kifuko cha pini, ndipo nikauliza swali moja tu.

"Umempa diski zake?"

"Tutaongea, dada. Siyo sasa."

Akakata simu. Kukata ndiyo kazi aliyoijua siku zote.

Kanisani, wasifu wa kaka yangu ulioandikwa na kamati ya mazishi ulijaa nusu ukurasa, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa majina ya ndugu na taarifa ya mahali pa kuegesha magari. Mtu aliyepigania urefu maisha yake yote akasomewa kwa ufupi, na msomaji akatazama saa. Kwa hiyo naandika huu mimi, dada yake, na mwenye haraka anaweza kwenda zake.

Mtaani walimwita Bado. Hilo jina hakupewa kwa upendo. Kila aliyepita dukani kwangu aliingiza kichwa kwenye chumba cha nyuma alikokuwa amekaa na kompyuta yake, akauliza, "Filamu imeisha?" naye akajibu, "Bado." Mwaka ukapita, "Bado." Watoto waliokuwa wakinunuliwa sare za darasa la kwanza wakarudi kupimwa sare za sekondari, na jibu ni lile lile. Hata mchumba wake alimuuliza siku moja, "Na harusi je?" Akasema bado, huku macho yako kwenye skrini. Yule binti alichukua mkoba wake, akaniaga mimi, akaondoka. Leo ana watoto watatu na mume anayemaliza mambo yake kwa wakati.

Mama yetu alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa, baada ya wodi zote, karibu na boila. Humo ndani mlikuwa na mvuke ambao ukiingia kutoka nje huoni mtu, unasikia sauti tu. Shuka za wagonjwa zilikuja kwa magari ya kusukuma, zina damu, zina matapishi, nyingine zina vitu ambavyo mama hakutaka kutuambia. Zilitoka nyeupe, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Zamu moja ilidumu kwa saa nane. Kaka, akiwa mdogo, alimsubiri mama kwenye geti la hospitali, na kila siku alimuuliza swali moja.

"Mama, leo umefanya nini?"

"Nimefua."

Basi. Saa nane ndani ya mvuke, na jibu neno moja. Mimi niliridhika nalo, nikataka kujua tumebakiziwa nini cha kula. Yeye alikasirika. Nakumbuka alivyokuwa akirusha mawe njiani kwa hasira, anasema, "Haiwezekani ikawa hivyo tu." Filamu yake ilianzia pale getini, kabla hajaijua kamera.

Alimaliza shule, akajifunza kupiga picha za video kwa mtu wa harusi. Akapiga harusi, mahafali, ibada za shukrani, mikutano ya vyama vya akiba. Alinunua kamera yake mwenyewe iliyotumika. Kisha zikaja habari kwamba hospitali itafunga chumba cha kufulia na shuka zitapelekwa kwa kampuni ya nje. Kaka akaenda kwa matroni, akaomba ruhusa, akakataliwa, akaenda tena, na akaendelea kwenda mpaka yule mama akachoka kumwona. Akaingia na kamera yake, akapiga picha kwa miaka miwili, mpaka siku mashine zilipong'olewa na kupakiwa kwenye lori.

Alipotoka pale alikuwa na picha nyingi kiasi kwamba kuzitazama tu, bila kula wala kulala, kungemchukua wiki nyingi. Na tayari alishajua filamu itakuwa na urefu gani.

"Saa nane," aliniambia. "Zamu moja. Anayetaka kujua mama alifanya nini, akae zamu nzima."

Nilidhani anatania.

Hapa lazima nieleze jinsi alivyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nina hasira. Picha zake halisi zilikuwa nzito, na kompyuta yake ya zamani haikuziweza. Ikipewa zile iliganda kama mzee aliyeulizwa umri wake. Kwa hiyo alitengeneza nakala nyepesi, picha zenye ukungu na tarakimu zinazokimbia chini yake, ili ajue kila kipande kimetoka wapi. Kwa hizo nyepesi ndiyo alikata na kuunga. Filamu ikikamilika, unairudishia picha halisi mahali pa zile nyepesi, kipande kwa kipande, na kompyuta yenye nguvu inaitoa ikiwa safi.

"Ni kama wewe na karatasi zako," aliniambia. "Unakata kwanza karatasi ya mtindo. Ukikosea, umeharibu karatasi. Kitambaa kipo pale kabatini, kinasubiri."

Tangu siku hiyo picha halisi tuliziita kitambaa. Na kitambaa kilikuwa ofisini kwa Fupisha.

Fupisha alikuwa mshirika wake. Nyumbani tulimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai bila kulitamka neno lenyewe. Alikuwa na ofisi ya matangazo ya biashara, viti vya ngozi na kiyoyozi. Ni yeye aliyesema, "Dada, hapa dukani kwako panavuja, umeme unaruka. Diski ziache kwangu, kwenye kabati la chuma." Lilikuwa jambo la busara. Nilimshukuru. Nilimtaja kwenye maombi ya ushirika wetu wa akina mama, kwa jina lake la ubatizo, Mungu ambariki na kazi ya mikono yake.

Kaka alihariri kwa namna ambayo sijasikia mwingine akiifanya. Alipounga sehemu mpya alituita tutazame: mimi, mama, mjomba, mteja aliyekuja kuchukua gauni. Kisha alikaa mbele yetu, mgongo kwa skrini, akatutazama sisi. Hakuangalia filamu yake hata kidogo. Aliangalia nani amehamisha makalio kwenye kiti, nani amejikuna, nani ameangalia mlango. Ukipiga miayo aliisogeza shingo mbele kama daktari.

"Kwa nini umepiga miayo?"

"Nimechoka."

"Umechoka wewe au wamekuchosha wale?"

"Si wote wanakunja shuka tu! Wanakunja, wanakunja..."

"Ulianza kuchoka kwenye shuka ya ngapi?"

Unajibuje swali kama hilo? Mjomba alikuwa akija na mto wake, akisema mpwa wake ndiye mtu pekee duniani anayemwalika mtu sinema halafu anamkodolea macho kama ameiba.

Mama ndiye aliyempinga kuliko wote. "Mimi kazi ile niliikimbia kwa furaha," alisema. "Nimestaafu, nimepewa sufuria na mwavuli. Wewe unanirudisha kule kule bure." Siku moja alilala kabisa, mdomo wazi, kwenye sehemu ya pasi. Nilimwonea aibu kaka. Lakini yeye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Saa ile ile!" alisema. "Dada, ulimsikia akisimulia? Saa hiyo ndiyo walikuwa wanasinzia kazini, wamesimama. Filamu inafanya kazi!"

Watu wanadhani filamu ndefu ni ya mtu mvivu asiyejua kukata. Fupisha alidhani hivyo. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta nikiendesha cherehani, nikaona jinsi ilivyomla. Kwenye filamu fupi ukikosea unaona palepale. Kwenye ndefu, kosa la asubuhi linajitokeza jioni. Aliwahi kupunguza kidogo sehemu ya akina mama wanaokula chakula cha mchana wakitaniana. Ilionekana sawa. Lakini saa mbili mbele, mama mmoja anaposhindwa kuinua kapu na wenzake wanakuja kumsaidia bila kusema neno, ile sehemu ikawa haimgusi mtu tena. Ilikuwa kapu tu. Alihangaika nayo mwezi mzima kabla ya kugundua kwamba ugonjwa uko kule kwenye chakula. Na kila anapohamisha kipande, hawezi kujua kama amepatia mpaka aitazame yote upya, tangu mwanzo. Kosa moja, siku moja. Ndiyo maana alisema bado. Hakuwa na jibu jingine la kweli.

Fupisha alileta watu. Walikuja na magari safi, wakakaa kwenye viti vyangu vya wateja, wakatazama kidogo. Mmoja aliyevaa miwani juu ya kichwa akasema, "Picha zina nguvu. Lakini tunaongelea dakika tisini. Nani atakaa saa nane?"

"Mama yangu hakukaa," kaka akamjibu. "Alisimama."

"Mzee, mtazamaji siyo mama yako."

"Basi atazame kitu kingine. Vipo vingi."

Fupisha alimvuta nje, wakasimama kati ya duka langu na la jirani, nami nikasikia kila neno maana dirisha langu halina kioo. "Unanitia aibu. Nimewaleta watu kwa jasho langu. Fupisha, mtu wangu! Toa kula, toa kukunja, bakiza siku ya kuzifunga mashine. Watu walie, waende nyumbani."

"Wakienda nyumbani watasema wameona nini?"

"Watasema wameona madobi!"

"Ndiyo hivyo. Neno moja. Hilo nilikuwa nalo tangu utotoni, sihitaji kamera."

Wale wageni hawakurudi. Kaka akapiga harusi nyingine, akarudi kwenye chumba cha nyuma. Moyo wake ulianza kumsumbua katika miaka hiyo. Daktari alimpa vidonge, na alivimeza akikumbushwa. Nilikuwa nikivipeleka na maji, naye anavichukua bila kugeuka, kama mtoto anayenyonya usingizini.

Asubuhi ya siku aliyokufa alitoka kwenye kile chumba amenyoa ndevu. Amevaa shati nililomshonea, lile la Pasaka. Nikamuuliza kama kawaida, kwa mzaha, "Imeisha?"

"Nimemaliza, dada."

Niliacha cherehani.

"Sema tena."

"Nimemaliza. Nakwenda kwa Fupisha kuchukua kitambaa."

Alicheza hatua mbili mlangoni, mtu mzima na mvi zake, akatoka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mteja akanishangaa.

Fupisha alikuja msibani kesho yake, suti nyeusi, miwani nyeusi, faili kwapani. Alimwinamia mama, akakaa, akaanza kueleza programu. Alikuwa ameandaa kitu cha kuonyeshwa kanisani: dakika kumi na tano, vipande ambavyo kaka aliwahi kumpa vya kuombea msaada, na muziki wa taratibu chini yake.

"Watu watalia," alisema.

"Watu watalia hata bila wewe," nikamwambia. "Diski ziko wapi?"

"Dada, tumalize kwanza programu."

"Filamu imekwisha. Kaka ameimaliza. Nimeshapata mtu mwenye kompyuta kubwa, anasubiri. Diski ziko wapi?"

"Kijana," mjomba akamwambia, "huyu mpwa wangu ni fundi cherehani. Usimfanye aulize mara ya tatu, mkasi hauko mbali."

Fupisha akavua miwani. "Diski zipo."

"Na kilichomo?"

Akaigeuza miwani mkononi. Nilisikia sufuria zikigongana huko uani. Kisha akasema, na nitaandika maneno yake yalivyokuwa, "Zilifutwa. Mwaka juzi. Tulipata tangazo kubwa, tukahitaji nafasi. Lakini nilihakikisha kwanza, dada, Mungu ni shahidi. Nilikuja dukani kwako, yeye yuko kwenye harusi, ukanipa chai, nikafungua kompyuta yake. Nikaona majina yote yapo. Kila kipande kilichokuwa kwangu, kwake kipo, jina lile lile, namba ile ile. Nikasema basi, ana nakala."

"Majina," nikasema.

"Majina yote yalikuwepo."

"Nyepesi na nzito zinaitwa jina moja! Ndiyo maana zinaweza kurudishiana nafasi! Mimi nashona sare, na hilo nalijua. Wewe unajiita mtengeneza filamu. Hukufungua hata kipande kimoja ukatazama?"

"Nilikuwa na haraka."

Nilikuwa na haraka. Miaka miwili ndani ya mvuke, na miaka mingine yote kwenye chumba changu cha nyuma, na mtu hakuweza kufungua kipande kimoja akatazama hata kwa muda wa kupuliza chai. Nikamuuliza tangazo lilikuwa la nini. Akainamisha kichwa.

"La sabuni," akasema.

Nilisema maneno ambayo mwanakwaya hatakiwi kuyajua. Mjomba alinishika mkono. Mama alikuwa anaangalia sakafu. Nilijua sasa kaka alisikia nini kule juu kabla ya kuzishika zile ngazi. Daktari anasema moyo ulikuwa mgonjwa muda mrefu, kwamba ungeweza kusimama hata akiwa amelala. Sawa. Lakini haukusimama akiwa amelala.

Nami nilimkasirikia Mungu pia, naandika hilo waziwazi kwa sababu yeye analijua. Nilipiga magoti kando ya kitanda changu nikamwambia, wewe ndiye uliyempa kiu ile, ungemwacha aikate. Sikusema amina. Nilisimama tu.

Lakini pale sebuleni, siku ile ile, ni mama aliyezungumza baada yangu. Alimuuliza Fupisha, kwa upole kabisa, "Baba, hizo nyepesi bado zipo?"

"Zipo, mama. Kwenye kompyuta yake. Lakini hazifai kuonyeshwa. Zina ukungu, zina tarakimu chini. Tutamdhalilisha marehemu."

"Kule ndani kulikuwa na ukungu," mama akasema. "Ziwekeni."

Basi nikaanza kupigania ukumbi. Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini alinitolea macho. "Saa nane, dada? Watu wana kazi. Tuonyeshe sehemu, tumalizie na sala."

"Mchungaji, nikikupa nusu ya mahubiri yako utayatoa?"

"Mahubiri yangu ni dakika arobaini."

"Siku ya mavuno ulihubiri kwa saa mbili na nusu. Nilikuwepo."

Akacheka bila kupenda, akanipa funguo za ukumbi mdogo na projekta ya shule ya Jumapili. Dakika kumi na tano za Fupisha nilizifuta kwenye programu kwa mkono wangu. Nikamwambia atakuja, atakaa mstari wa mbele, na atatazama. Hakubisha.

Ilikuwa siku moja kabla ya mazishi. Nilifunika madirisha kwa kitambaa cheusi cha bitana kutoka dukani. Tulipanga viti vya plastiki. Tukaanza asubuhi, saa ambayo mama alikuwa akiingia zamu, na nikabonyeza kile kitufe kirefu cha kompyuta kama nilivyomwona kaka akifanya. Kisha nikachukua kiti changu, nikakiweka mbele kabisa, chini ya picha, nikakaa mgongo kwa ukuta na uso kwa watu. Mtu mmoja akaniambia, "Dada, hutaona kitu." Nikamwambia nimekaa hivi kwa sababu mwenye kiti hiki hayupo.

Kwa hiyo siwezi kukueleza filamu ilivyoonekana siku ile. Naweza kukueleza nyuso. Niliona mwanga mweupe ukiwapanda na kushuka, na tarakimu zikikimbia kinyumenyume kwenye miwani ya mchungaji. Mwanzoni zilimkera kila mtu. Baadaye niliona macho yameacha kuzifuata. Wengine waliondoka saa ya kwanza, wakipita wameinama kwa adabu. Baadhi walirudi baada ya kazi zao, wakakuta bado wanafua, wakakaa.

Akina mama wenzake na mama walikuja kundi zima, walioweza kutembea na wasioweza. Hao hawakunyamaza hata kidogo.

"Huyo ni wewe!"

"Siyo mimi. Mimi sikuwa mnene hivyo."

"Ulikuwa."

"Ni ukungu huo."

"Ukungu haujawahi kuongeza mtu kiuno, shoga yangu."

Kwenye sehemu ya pasi niliangalia watu wakisinzia mmoja baada ya mwingine, kama alivyosema. Mama alilala. Mjomba alikuwa amelala zamani, ana mto wake. Fupisha, aliyekuwa akihamisha makalio tangu asubuhi, akaona nafasi. Aliinuka taratibu, ameshika simu kana kwamba inamwita. Mama akafumbua jicho moja.

"Unakwenda wapi, baba? Zamu haijaisha."

Akakaa. Sikuwa nimemwona mtu akikaa vile, kama amekatwa kamba. Tangu hapo sikuondoa macho yangu kwake. Ilipofika pale kwenye kapu, pale ambapo wenzake wanakuja kumsaidia yule mama bila kusema neno, nilijua bila kugeuka, kwa sababu Fupisha aliweka simu sakafuni na kufunika mdomo kwa mikono miwili. Nilitaka kufurahi. Hasira haikuniachia nafasi.

Mwisho nilijiruhusu kugeuka. Ni getini pa hospitali, siku ya mwisho. Mama anatoka na mfuko wake wa nailoni, anakuja kuelekea kamera, ana uso wa mtu aliyesimama siku nzima. Sauti ya kaka, mtu mzima, inatoka nyuma ya kamera.

"Mama, leo umefanya nini?"

Mama anasimama, anaiangalia kamera, anaiangalia hasa.

"Nimefua," anasema.

Skrini ikawa nyeusi. Wale akina mama waliokuwa wakitaniana tangu asubuhi walikuwa wameshikana mikono. Neno lilikuwa lile lile, lakini safari hii kila mtu mle ndani alijua limebeba nini.

Fupisha alinifuata nikiwa nachomoa waya. Macho mekundu, shati limekunjamana.

"Dada," alisema. "Hakuna pa kukata."

"Alikuambia miaka yote. Ilibidi afe ndipo ukae."

Akaendelea kusimama pale, nami nikaendelea kukunja waya. Mchungaji alisikia, akaniambia baadaye kwamba napaswa kusamehe. Najua napaswa. Nimemwambia nitasamehe, Mungu akinisaidia, lakini siyo wiki ile, na mpaka naandika haya siyo wiki hii.

Tulimzika kesho yake mchana, baada ya ule wasifu wa nusu ukurasa. Watu hawakuwa wengi. Jua lilikuwa kali na udongo mkavu. Jeneza lilifunikwa shuka nyeupe aliyoileta mama, na kabla ya kuteremshwa, mama na mwenzake mmoja wa zamu waliitoa, wakaishika pembe kwa pembe, wakaikunja, mama akaiweka kwapani. Fupisha alikuja na kamera ndogo. Nilimwambia aiweke chini, ashike koleo. Aliiweka juu ya koti lake, akashika koleo, akafukia pamoja na mjomba mpaka kaburi likajaa. Mchungaji akaomba kwa kifupi. Tuliimba wimbo mmoja. Mama akauliza kama wote waliotoka mbali wamepata maji ya kunywa. Tukamwambia ndiyo. Akasema basi twende nyumbani, tukaenda.